Pembe Nane, Majibu Mawili

Wadogo zangu, wiki hii najibu swali moja tu, maana limenifikia kwa sura nyingi. Msichana wa kidato cha kwanza ameniandikia hivi: "Dada, nikiona mistari miwili sambamba, na wa tatu umepita umeikata yote, nahesabu pembe nane. Nimepewa moja, natakiwa kutafuta saba. Hesabu zimenikataa."

Hazijakukataa, mdogo wangu. Chukua daftari lako la kawaida, lile lenye mistari. Mistari yake tayari ni sambamba, kwa hiyo kazi hiyo umeshafanyiwa. Chagua miwili iliyoachana kidogo, ikoleze kwa penseli na rula, kisha katiza juu yake mstari mmoja wa mshazari. Sasa tafuta karatasi nyepesi inayoonyesha, iweke juu ya makutano ya juu, unakili pembe zote nne. Usiizungushe wala kuipindua. Iteremshe taratibu, ukifuata ule mshazari, hadi ifike makutano ya chini. Umeona ilivyokaa? Mstari juu ya mstari, pembe juu ya pembe. Nane zako zimebaki nne.

Ziangalie hizo nne. Zinazotazamana ziko sawa. Zilizo jirani zimegawana mstari ulionyooka, kwa hiyo jumla yake ni nyuzi 180. Basi umebaki na mbili tu: kali moja na butu moja. Ukiambiwa mojawapo ni nyuzi 65, kila pembe kwenye mchoro ule ni 65 au 115. Namba ya tatu haipo. Na mstari unaokatiza ukisimama wima kabisa, zote nane ni 90, hapo huna hata cha kutafuta.

Najua shuleni mmefundishwa herufi: Z kwa pembe za ndani za pande tofauti, F kwa zilizokaa mahali pamoja, C kwa za ndani za upande mmoja. Zitumieni, sina ugomvi nazo. Ila mtihani huilaza Z chali na kuisimamisha F kichwa chini, na aliyezoea kusaka herufi peke yake hubaki ameduwaa. Kwanza jiulize: hii ni kali au butu? Za aina moja ziko sawa. Za aina mbili tofauti zinajumlika kuwa 180.

Hapo ndipo wengi mnapoangukia pale x inapoingia. Tuseme pembe ya juu kulia kwenye makutano ya kwanza ni 3x + 10, na ya juu kulia kwenye makutano ya pili ni 2x + 45. Zimekaa mahali pamoja, kwa hiyo ni sawa: 3x + 10 = 2x + 45, x ni 35, kila pembe ni nyuzi 115. Mwenye haraka atazijumlisha zifike 180, apate x ni 25, pembe 85 na 95. Namba nzima kabisa, hazina hata desimali, naye atafunga daftari akiwa na amani. Na amekosa! Ndiyo maana nawasihi: kabla ya kuandika alama ya usawa, andika sababu kwa maneno. Ukishindwa kuitaja sababu, bado hujajua kama unasawazisha au unajumlisha.

Jambo jingine, angalia vishale vidogo vilivyochorwa juu ya mistari. Hivyo ndivyo vinavyokuthibitishia kwamba ni sambamba. Mistari kuonekana sambamba hakutoshi. Euclid, aliyeandika kitabu chake cha jometri mwaka 300 hivi kabla ya Kristo, aliliweka hili wazi mapema: pembe mbili za ndani za upande mmoja zikipungua 180, mistari ile itakutana upande huohuo. Hata zikijumlika 179, itakutana, pengine mbali sana nje ya karatasi yako. Hapo pembe za makutano ya juu hazilingani tena na za makutano ya chini.

Mwingine ameuliza pembe hizi zitamfaa nini maishani. Nitakupa Eratosthenes, msimamizi wa maktaba ya Alexandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Alijua kwamba siku ambayo mchana ni mrefu kuliko zote, saa sita, jua husimama utosini kule Syene, ambako leo ni Aswan. Saa hiyohiyo Alexandria, kitu kilichosimama wima kilikuwa na kivuli, na miale ilikipiga kwa pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Jua liko mbali mno, kwa hiyo miale yake hutufikia ikiwa sambamba. Mwale wa Syene, ukiurefusha, unafika katikati ya dunia, na mstari unaotoka hapo katikati kupitia Alexandria ndio unaoikatiza miale hiyo. Hiyo ni Z yako ya darasani! Pembe ya kivuli ikawa sawa na pembe iliyoko katikati ya dunia, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika na kipimapembe. Umbali wa Syene hadi Alexandria ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, kipimo cha umbali cha zama zile. Akazidisha mara 50, akapata mzunguko wa dunia nzima, stadia 250,000.

Nimalizie na swali linalowatoa jasho. Mistari miwili sambamba, na kati yake mstari uliopinda kama kiwiko cha mtu aliyeshika kiuno. Pembe ya juu, iliyoelekea upande wa kiwiko, ni nyuzi 40; ya chini, upande huohuo, ni 35. Pembe ya kiwiko ni ngapi? Usikodoe macho. Chora mstari wa tatu upite kwenye ncha ya kiwiko, sambamba na ile miwili. Umekigawa kiwiko vipande viwili: cha juu ni Z na ile 40, cha chini ni Z na ile 35. Jibu ni 75.

Sasa fanya mwenyewe, juu 52 na chini 29, uniletee jibu na sababu zake. Namba tupu siipokei.