Kabla ya Kuamini Habari, Mjue Anayeiandika

Somo kwa familia zilizokimbia vita na viongozi wao, Fizi na Baraka



Katika somo hili tunajifunza pamoja jambo moja: jinsi ya kumtafuta na kumjua mtu aliye nyuma ya habari tunayoisoma kwenye intaneti au kuletewa kwa simu. Somo linaweza kusomwa kwa sauti mbele ya kikundi. Mwisho wake kuna zoezi na maswali ya kuzungumzia.

1. Kwa nini somo hili ni la lazima kwetu

Mtu aliyekimbia anaishi kwa habari. Je, barabara ni salama? Je, kijiji kimetulia? Turudi tukalime, tubaki Baraka, au tuvuke ziwa kwenda Kigoma? Habari ya kweli inaweza kuokoa familia. Habari ya uongo inaweza kuirudisha familia kwenye moto, au kuwasha moto mpya kati ya majirani. Mwaka 2025, vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, watu wa Kivu waliishi kwa kuangalia simu usiku na mchana.

Tukumbuke yaliyotokea Moba, mji ulio upande wetu huu wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie. Mwaka 2007 wakimbizi waliokuwa Zambia walikuwa wameanza kurudishwa kwa meli mpaka Moba. Ukaenea uvumi kwamba Umoja wa Mataifa unataka kuwaleta huko wakimbizi Wanyamulenge. Tarehe 1 Agosti 2007 kundi la watu lilishambulia ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika ya misaada. Wafanyakazi walihamishwa, na safari za kuwarudisha wakimbizi zikasimamishwa. Ni nani aliyeumia? Ni pamoja na zile familia zilizokuwa Zambia, mizigo imefungwa, zikingoja zamu yao ya kurudi nyumbani.

Uvumi una tabia moja: hauna mwenyewe. Ukiuliza, "Nani amesema?" unajibiwa, "Watu wanasema." Kwa hiyo dawa ya kwanza ya uvumi ni kumtafuta mwenye neno.

2. Ukurasa wa mtu binafsi ni kitu gani?

Kwenye intaneti kuna kurasa za serikali, za mashirika, za redio na magazeti makubwa. Lakini zipo pia kurasa ambazo mtu mmoja, au marafiki wachache, wamezifungua wenyewe, wanaandika wanayoyaona na wanayoyafikiri. Kurasa hizi huitwa blogu. Habari mpya huwa juu, za zamani huwa chini, kila moja na tarehe yake.

Blogu ina faida mbili kwetu. Kwanza, mwandishi wake mara nyingi yuko karibu na jambo lenyewe, mahali ambapo mwandishi wa gazeti kubwa hafiki. Pili, maandishi yake ya zamani yanabaki. Unaweza kurudi nyuma miezi na miaka uone alisema nini, na kama kilikuwa kweli. Ujumbe wa sauti unaoruka kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp hadi kingine hauna kumbukumbu hiyo.

Hata hivyo blogu ina hatari yake. Mara nyingi hakuna mkubwa wa kazi anayekagua maandishi kabla hayajatoka. Ndiyo maana ni lazima tumjue mwandishi.

3. Watu halisi nyuma ya maandishi

*Tanzania.* Mwaka 2004 mwandishi Mtanzania Ndesanjo Macha alianzisha blogu ya Kiswahili aliyoiita Jikomboe. Wakati ule kurasa nyingi za namna hiyo zilikuwa za Kiingereza, yeye akaonyesha kwamba lugha yetu nayo inatosha. Septemba 2005, huko Helsinki, Finland, alimsaidia Mtanzania mwenzake, Issa Michuzi, kufungua blogu yake. Michuzi alikuwa mpiga picha wa gazeti la serikali, Daily News. Picha zake zikawa dirisha la nyumbani kwa Watanzania wengi waliokuwa ugenini. Hapa tunajifunza kwamba mtu mmoja anayejua anaweza kumfundisha mwingine. Tunajifunza pia kwamba msomaji akijua kazi ya mwandishi, anajua namna ya kuyapima maneno yake.

*Kenya.* Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Tarehe 30 Desemba serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh alikuwa akiandika blogu yake, Kenyan Pundit, kwa jina lake mwenyewe. Kwa kuwa wasomaji walimjua, walimletea habari za yaliyokuwa yakitokea kwao. Zikawa nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuzikusanya na kuzipima. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliomba msaada wa kuonyesha matukio kwenye ramani, na kwa siku chache wenzake, wakiwemo wanablogu Erik Hersman na Juliana Rotich pamoja na mtaalamu David Kobia, wakatengeneza chombo walichokiita Ushahidi. Mtu aliweza kutuma habari hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Neno walilolichagua linatufundisha: ushahidi unatoka kwa shahidi, na shahidi ni mtu anayeweza kuulizwa.

David Kobia alikuwa pia na ukurasa wake wa majadiliano, Mashada, uliotembelewa na Wakenya wengi. Matusi ya kikabila yalipozidi, mwezi huohuo wa Januari 2008, aliufunga, akafungua mwingine ambapo watu walitangaza kwamba hawana kabila. Ninyi mnaosimamia vikundi vya simu hapa Fizi na Baraka, angalieni jambo hili. Mwenye nyumba anawajibika kwa maneno yanayosemwa ndani ya nyumba yake.

*Kambi ya Kakuma.* Mwaka 2008, katika kambi hiyo iliyo kaskazini-magharibi mwa Kenya, wakimbizi wenye kipaji cha uandishi walianzisha habari zao wenyewe, KANERE, zikitoka kwenye blogu. Kati yao walikuwemo Wahabeshi, Wakongomani, Waganda, Wanyarwanda, Wasomali na Wasudani, pamoja na Wakenya. Kwa kawaida ni wengine wanaoandika juu ya wakimbizi. Hawa waliandika wenyewe juu ya maisha ya kambini, na watu wa mataifa ambayo kwao yalipigana walikaa meza moja.

*Nchini mwetu.* Tangu 2016 wanablogu vijana kutoka miji mbalimbali ya Kongo wameandika pamoja katika kundi la Habari RDC, zaidi kwa Kifaransa. Mtoto wa shule anaweza kuwasomea wazazi wake na kuwatafsiria.

4. Maswali sita ya kumjua mwandishi

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kabla ya kuamini habari, na hasa kabla ya kuipeleka kwa wengine, tuulize:

1. Ni nani? Tafuta sehemu inayoitwa "Kuhusu mimi", au kwa Kifaransa "À propos". Je, kuna jina, kazi, na njia ya kumfikia?

2. Aliona, au alisikia? Mtu aliye Ulaya au Kinshasa anaweza kuandika juu ya Fizi, lakini aseme habari aliipata kwa nani. Shahidi mwema husema, "Hili niliona, hili niliambiwa."

3. Aliandika nini zamani? Soma maandishi matatu au manne ya nyuma. Je, yalithibitika? Je, kila mara anailaumu jamii ileile moja?

4. Akikosea, anajirekebisha? Anayekubali kosa na kulisahihisha wazi anastahili kuaminiwa zaidi ya anayelifuta kimyakimya.

5. Nani anamlipa, au nani anafaidika? Chama, kundi lenye silaha, mfanyabiashara? Kulipwa si dhambi, lakini tujue.

6. Ni ya lini, na picha ni ya wapi? Picha ya mauaji ya miaka iliyopita, au ya nchi nyingine, hutumwa kama ya jana. Angalia tarehe. Tazama majengo, mavazi, miti na maandishi ya ukutani.

Baada ya maswali hayo, tafuta shahidi wa pili asiyetegemea yule wa kwanza: redio unayoiamini, chifu wa kijiji kinachotajwa, mchungaji au imamu, au ndugu aliye mahali penyewe. Kama habari inawahusu watu wa jamii nyingine, shahidi wa pili awe mtu wa jamii hiyo. Mbembe amuulize rafiki yake Mnyamulenge, na Mnyamulenge amuulize Mfuliru. Simu moja ya namna hiyo inaweza kuzuia mazishi mengi.

5. Na kama mwandishi amelificha jina lake?

Si kila anayeficha jina ni mwongo. Ndugu zetu Warundi waliopokelewa Lusenda tangu 2015 wanaijua sababu. Mwezi wa tano mwaka huo, baada ya jaribio la kupindua serikali, redio za watu binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kunyamazishwa. Wanahabari kadhaa wakaunda SOS Médias Burundi, wakatoa habari kupitia intaneti bila kutaja majina yao, kwa sababu ya usalama.

Tutawatofautisha vipi na waongo? Tutaangalia matunda. Kundi kama hilo lina jina moja linalodumu, na maandishi ya muda mrefu ambayo mtu anaweza kuyapima. Mchochezi hutokea ghafla wakati wa mvutano, hutaja kabila kuliko kutaja matendo, na huhimiza: "Tuma kwa watu wote sasa hivi!" Haraka hiyo ni alama ya hatari.

6. Tukitaka kuandika sisi wenyewe

Kati yenu wako wenye habari ambazo hakuna mwingine anayeweza kuzitoa: jinsi kijiji kilivyopokea wageni, jinsi soko la pamoja lilivyofunguliwa tena, jinsi wazee wa jamii mbili walivyoamua ugomvi wa ng'ombe na mashamba. Mambo haya ya amani yasipoandikwa, watakaotafuta jina la Fizi watakuta vita peke yake.

Lakini tuwe na hekima:

- Tusitaje mahali familia zinapojificha, wala njia wanazopita watu wanaokimbia, wala mienendo ya wanajeshi.
- Tusiweke majina wala picha za watoto, wala za wamama na wasichana waliotendewa ukatili.
- Tuombe ruhusa ya kila anayetajwa, na tumsomee tulichoandika kabla hakijatoka.
- Tutaje tendo na aliyelitenda bila kulihukumu kabila zima.
- Anayeandika ajue hatari kwake na kwa jamaa yake. Ashauriane na watu anaowaamini. Pengine ni bora habari itoke kwa kikundi.

Tukumbuke pia kwamba intaneti hukatika. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, ilifungwa nchini mwetu kwa karibu siku 20. Basi kila eneo liwe na daftari la namba za mashahidi wa kuaminika wa jamii zote, na watu wanaojuana kwa uso. Daftari hilo litunzwe kwa siri. Kujuana huko hakuhitaji mega.

7. Zoezi la kikundi

Kaeni watu sita hadi kumi, wanaume kwa wanawake, na ikiwezekana wa jamii mbalimbali. Simu moja yenye intaneti inatosha. Mmoja asome kwa sauti habari moja iliyofika wiki hii. Wengine wagawane yale maswali sita, kila mmoja atafute jibu la swali lake. Kisha amueni pamoja: tuiamini, tungoje, au tuikatae? Kama hamna simu, tumieni habari iliyosikika sokoni. Maswali ni yaleyale.

Maswali ya kuzungumzia

1. Ni uvumi gani umewahi kuleta hofu au fujo katika eneo letu? Kuna aliyemtafuta mwenye neno?
2. Katika jamii tusiyoelewana nayo, ni nani tunayeweza kumpigia simu leo kuuliza ukweli?
3. Kiongozi afanye nini ujumbe wa chuki ukiingia katika kikundi anachokisimamia?
4. Ni habari gani ya amani kutoka kwetu inayostahili kuandikwa, na nani aiandike?

Ndugu zetu, bunduki hatuwezi kuzinyamazisha kwa simu zetu. Lakini kila mmoja wetu anaweza kuamua leo kwamba neno lisilo na mwenyewe halitapita mkononi mwake. Likifika kwako, lisimamishe, uliza, ngoja jibu. Tunawatakia amani, ninyi na wote mliowaacha nyumbani.