Trekta, Tela na Mteremko

Mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 uliichagua Nachingwea kuwa mojawapo ya maeneo yake, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mtwara ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo mazao ya Nachingwea na Ruangwa husafiri kwa barabara, na safari ya kwanza ya korosho, kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, mara nyingi ni ya trekta na tela.

Behewa la treni kwa kawaida huwa na breki zake. Matela mengi ya shambani hayana. Mzigo wote huzuiwa na magurudumu mawili ya nyuma ya trekta, maana trekta la kawaida halina breki za mbele. Hapo ndipo hatari ilipo, nayo haionekani wakati wa kupanda mlima, bali wakati wa kushuka.

Breki husimamisha gari kwa msuguano kati ya mpira na ardhi. Msuguano huo hautegemei ukubwa wa injini. Hutegemea uzito unaokandamiza magurudumu yenye breki, pamoja na hali ya ardhi. Tuchukue mfano. Trekta lina kilo 2,500, na kati ya hizo kilo 1,600 hukaliwa na magurudumu ya nyuma. Tela la magurudumu mawili lina kilo 1,000, na limepakiwa gunia 50 za korosho, kila moja kilo 80. Jumla ya vyote ni kilo 7,500, yaani uzito wa nyutoni 75,000 hivi. Tela huegemeza kilo 400 kwenye kiungio, hivyo magurudumu ya nyuma hubeba kilo 2,000. Ikiwa kizigeu cha msuguano katika barabara ya vumbi ni 0.4, breki haziwezi kutoa zaidi ya nyutoni 8,000.

Katika mteremko wa 1 kwa 12, uzito huvuta kuelekea chini kwa nyutoni 6,250. Trekta litasimama, ila kwa shida: likienda kilometa 20 kwa saa litahitaji mita 66 hivi. Katika mteremko wa 1 kwa 8, mvuto ni nyutoni 9,400. Hapo halisimami kabisa, hata breki zikiwa mpya. Gia namba moja hupunguza mwendo na kuzinusuru breki zisipate moto, lakini nayo hufanya kazi kupitia magurudumu yale yale, haiongezi msuguano. Magurudumu yakianza kuteleza, tela hulisukuma trekta ubavuni mpaka viwili hivyo vikunjane kama kiwiko. Wanaoketi juu ya magunia ndio hutupwa kwanza.

Mzigo ukipunguzwa kuwa gunia 25, na kilo 240 zikaegemea kiungio, breki hutoa nyutoni 7,360 dhidi ya mvuto wa 6,875. Safari mbili, basi, badala ya moja; mwenye trekta atalalamikia mafuta. Lililo bora zaidi ni tela lenye breki zake. Magunia nayo yasirundikwe nyuma ya ekseli, kwa kuwa hukinyanyua kiungio na kuyapunguzia magurudumu ya trekta uzito yanaouhitaji.

Tena trekta lina pedali mbili za breki, ya kushoto na ya kulia, ili ligeuke upesi shambani. Kabla ya kuingia barabarani lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake. Ikikanyagwa moja tu, trekta hugeuka ghafla huku tela likiendelea mbele.

Wanafunzi waweza kuupima mteremko wenyewe. Ubao wa mita 2 uwekwe kuelekea chini ya kilima, na juu yake chupa iliyolazwa ikiwa na maji nusu. Ncha ya chini iinuliwe mpaka maji yawe sawa, kisha upimwe urefu kutoka ncha hiyo hadi ardhini. Ukiwa sentimita 25, mteremko ni 1 kwa 8.