Kostiki Iliyobaki Ndani ya Bomba

Pampu ikishazimwa na swichi ikatiwa kufuli, mafundi wengi huona hatari imekwisha. Ya umeme kweli imekwisha. Kostiki soda haijaenda popote: imetuama kwenye kona ya chini ya bomba, nyuma ya valvu, ndani ya tumbo la pampu, mara nyingi ingali ya moto na ingali imebanwa na presha. Mwendesha mtambo anaweza kupita kando ya bomba hilo miaka nenda rudi asipatwe na kitu. Anayeungua ni fundi wa matengenezo, kwa sababu yeye ndiye anayelifungua.

Kemikali hii imeenea katika viwanda vya Afrika Mashariki. Kwenye viwanda vya soda na bia, mashine ya kuoshea chupa hutumia kostiki ya asilimia 2 hivi, yenye joto la nyuzi 60 hadi 80. Viwanda vya sukari huichemsha ndani ya vyombo vya kukaushia maji ya miwa ili kung'oa ukoko ulioganda kwenye mirija. Viwanda vya nguo, karatasi na sabuni navyo haviendi bila hiyo. Ile inayoletwa na lori la tangi ikiwa ya majimaji kwa kawaida huwa na nguvu ya asilimia 50, nayo ni nzito mara moja na nusu kuliko maji.

Hatari yake kubwa ni kwamba inadanganya. Asidi nyingi huuma papo hapo, na nyama iliyoungua hugeuka gamba gumu ambalo angalau linapunguza kasi ya asidi kuzama. Kostiki haiachi gamba la namna hiyo. Inayeyusha mafuta ya ngozi na kulainisha nyama, njia ikabaki wazi, ikaendelea kuzama. Dalili ya kwanza ni utelezi kwenye vidole. Utelezi huo ni sabuni, na mafuta yaliyoitengeneza ni ya mwili wako mwenyewe. Maumivu yanaweza kuchelewa dakika kadhaa au zaidi, na hapo ndipo fundi husema, “Ngoja kwanza nimalizie hizi nati mbili.” Nati hizo mbili ndizo zinazomfikisha mtu chumba cha upasuaji.

Kabla hujashika spana, iangalie flanji yenyewe. Ukiona unga mweupe umeganda kwenye ukingo wa gasketi au kwenye shingo ya pampu, hiyo si chumvi wala vumbi la saruji. Ni kostiki iliyovuja, maji yake yakakauka. Usiukwangue kwa kucha wala kuupuliza kwa hewa ya kompresa.

Kibali cha kazi kiseme wazi bomba limefungwa wapi, limemwagwa wapi na limesuuzwa kwa maji mara ngapi. Valvu moja iliyofungwa haitoshi, maana valvu za zamani hupitisha. Funga mbili, acha tundu la kutolea maji lililo kati yake likiwa wazi, au weka bamba la kuzibia. Geji ya presha inayosoma sifuri nayo usiiamini peke yake. Kostiki ya asilimia 50 huanza kuganda joto likishuka hadi nyuzi 12 hivi, na usiku wa Julai, Limuru au Mbeya, huo ni ubaridi wa kawaida. Kipande kilichoganda kinaweza kuziba njia ya geji au ya kumwagia, ukadhani bomba ni tupu kumbe nyuma yake kuna lita nyingi zinazosubiri. Maji ya kusuuzia yakianza kutoka, yapime kwa karatasi ya litmasi. Ikigeuka buluu, suuza tena.

Wakati wa kulegeza, simama ubavuni mwa flanji, usisimame chini yake wala uso kwa uso nayo. Anza na bolti iliyo mbali nawe, ulegeze kidogo bila kuitoa. Kama kuna kilichobaki, kitatokea upande wa pili, na bolti zilizo upande wako bado zitakuwa zimeshika.

Kuhusu vifaa vya kinga, yapo makosa yanayojirudia. Miwani ya kawaida ya kiwandani huzuia vipande vya chuma, lakini haizuii majimaji yanayopenya pembeni. Inatakiwa ile inayobana uso pande zote, na juu yake ngao ya uso. Glavu za ngozi za welda ni mbaya kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu ngozi hunyonya kostiki na kuishikilia palepale juu ya mkono wako. Viatu vya ngozi ni vilevile. Tumia glavu ndefu za mpira wa nitraili au neoprini, na gambuti. Miguu ya suruali ishuke nje ya gambuti, isichomekwe ndani, la sivyo kinachomwagika kwenye paja kitateremka hadi unyayoni na kukaa humo. Ukifanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa, kunja ukingo wa glavu uwe kama mfereji, usije ukateremsha kemikali hadi kwapani.

Ukichanganya, tia kostiki kidogo kidogo kwenye maji ya baridi. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana mchanganyiko huchemka ghafla ukakurukia. Asidi ya betri nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Na usitumie ndoo ya alumini: kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka.

Sasa maji. Bafu la dharura liwe mahali ambapo mtu aliyefumba macho anaweza kufika ndani ya sekunde 10 hivi. Kiwango cha Marekani kinachofuatwa na viwanda vingi kinataka bafu litoe lita 76 kwa dakika kwa dakika 15 mfululizo. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 1,100. Pale ambapo maji ya bomba huja kwa mgao, tangi la lita 500 lililo juu ya paa halitoshi hata nusu yake. Na kama bomba la bafu limepita juani, Dar es Salaam au Mombasa, maji ya kwanza yanaweza kumwunguza mtu mara ya pili. Lifukiwe au litiwe kivuli.

Mtu akimwagikiwa, atiwe chini ya maji tiririka hapohapo, na nguo zivuliwe maji yakiwa yanamwagika. Nguo ya kupita kichwani ikatwe. Hapa aibu huumiza watu: mwanamke au mzee anasita kuvua mbele ya wenzake, na dakika zinakwenda. Wekeni kanga na pazia karibu na bafu, jambo la gharama ndogo kabisa. Kama ni unga mkavu, ukiwamo wa chokaa mbichi, upanguseni kwanza, kisha maji mengi. Kwa kostiki, osheni hata nusu saa na zaidi. Macho yaoshwe kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, na kuosha kuendelee njiani kwenda hospitali ikiwezekana. Ndimu na siki haziondoi kostiki, zinaongeza joto kwenye kidonda. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na mafuta vikae mbali. Mgonjwa apelekwe pamoja na lebo au karatasi ya taarifa za kemikali hiyo.

Kemikali moja inahitaji zaidi ya maji. Dawa ya kung'arishia weldingi za stenlesi mara nyingi huwa na asidi ya haidrofloriki. Maumivu yake yanaweza kuchelewa saa nyingi, nayo hunyang'anya mwili kalsiamu hadi moyo ukasumbuka. Karakana inayoitumia lazima iwe na jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, ipakwe baada ya kuosha, na mtu akimbizwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo.

Vifaa vya kinga si hisani. Sheria ya usalama na afya kazini ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamtaka mwajiri avitoe. Ile ya Kenya pia inamkataza kumrudisha mfanyakazi mahali penye hatari kubwa ambayo bado haijaondolewa. Tanzania, anayeumia kazini ana haki ya kudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa hiyo tukio liandikwe siku hiyohiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Fundi, ukiingia zamu leo, nenda ukafungue bafu la dharura ulisikilize kwa dakika 15. Likikata maji kabla ya hapo, mwandikie msimamizi wako, na flanji ya kostiki isubiri.