Vyombo vya Jiko la Kuni, na Moto Usio na Moshi

Kama wewe ni mzaliwa wa Mombasa au Kisumu, huenda makala haya yakakushangaza kidogo. Kwenu moto ni wa kupikia tu. Kwetu Molo moto ni wa kupikia na wa kuota, na asiyejua kuutunza hulala akitetemeka.

Mji wa Nakuru uko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Molo uko mita 2,500 hivi. Kwa kawaida hewa hupoa kwa digrii 6 hivi kila upandapo mita 1,000. Hebu piga hesabu: ukipanda matatu Nakuru, ukapita Njoro na Elburgon hadi Molo, umeacha nyuma karibu digrii 4 za joto. Ndiyo maana mwezi wa Julai utamwona abiria akishuka na fulana, halafu anaanza kuulizia koti!

Katika somo hili nitaeleza vyombo vinavyohitajika ili nyumba ipate joto la kuni, kazi ya kila kimoja, na mwishowe chombo ambacho hakinunuliwi popote lakini kinashinda vyote. Hicho nilikijua kwa njia chungu.

1. KUNI NA UCHAGA

Tuanze na sarufi kidogo. Twasema ukuni huu, kuni hizi, kwa kuwa neno hili ni la ngeli ya U-ZI. Wingi wa jiko ni meko, ingawa mitaani wengi wetu husema majiko.

Ukuni mbichi unaweza kuwa karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, joto jingi hupotea kwa kuyachemsha maji hayo kabla wewe hujaota. Tena hutoa moshi wa kuliza macho. Kwa hivyo chombo cha kwanza ni uchaga, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa kutoka ardhini, lililoezekwa bati juu na kuachwa wazi kandoni ili upepo upite. Kuni zilizopasuliwa zikae humo miezi sita au zaidi.

Utajuaje zimekauka? Gonganisha mbili. Zikilia "ko! ko!" ziko tayari. Zikitoa sauti ya kufifia, zirudishe. Tazama pia ncha zake: ukuni mkavu huwa na nyufa. Kwetu twatumia sana mikaratusi na miwati kwa sababu makaa yake hudumu. Msonobari huwaka upesi lakini una utomvu, nao huacha masizi mengi.

2. SHOKA, GOGO NA KABARI

Shoka lisilo makali ni hatari kuliko lenye makali, kwa sababu huteleza. Liwe na mpini ulioshika imara. Usipasulie kuni juu ya jiwe au ardhini, bali juu ya gogo pana linalofika magotini. Ukuni wenye vifundo haupasuki kwa shoka peke yake. Hapo hutumika kabari ya chuma, nayo hugongwa kwa nyundo nzito. Na tafadhali, usivae patipati. Vaa viatu vya kufunika vidole!

3. JIKO NA DOHANI

Nyanya zetu walitumia mafiga matatu, na ndiyo maana wahenga wakanena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Mafiga huota vizuri lakini hula kuni nyingi, na moshi wote hubaki ndani ya nyumba. Miaka ya 1980 yalienea nchini meko mawili yaliyoboreshwa: jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na kigae cha udongo ndani, na jiko la kuni la kigae lililoitwa Maendeleo. Lile la makaa lilitokana na mfano wa jiko la Thailand, kisha likabadilishwa na mafundi wetu wa jua kali. Kigae huzuia joto lisipotee kandoni, na mwenye nyumba huokoa makaa kiasi cha theluthi hata nusu.

Lakini kwa kupasha nyumba joto, jiko bora ni la kuni lenye dohani, yaani bomba la moshi. Nyumba nyingi za walowezi zilizobaki huku zina dohani za mawe. Sisi tulio na nyumba za mbao hutumia bomba la bati. Mambo matatu yazingatiwe. Mosi, bomba lipite juu ya kilele cha paa, la sivyo upepo husukuma moshi urudi ndani. Pili, pale linapopita kwenye mbao pawe na nafasi, na pazungushiwe bati, ili mbao zisishike moto. Tatu, lisafishwe kwa brashi ndefu, maana masizi yakijaa huweza kuwaka yenyewe ndani ya bomba.

4. KOLEO, UPEPEO NA NDOO YA MAJIVU

Koleo ni chuma cha kubania kaa la moto. Wako wanaoita beleshi koleo, basi ukitumwa uulize kwanza ni lipi! Upepeo ni wa kuchochea moto unaofifia. Kipande cha katoni pia hufaa. Majivu yazolewe kwa kibeleshi na kutiwa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, wala si ya plastiki. Kaa lililofukiwa jivuni laweza kuishi hadi kesho yake, nawe unadhani limezimika. Majivu yakipoa usiyatupe ovyo. Hufaa shambani na chooni, na wazee huyachanganya na maharagwe kuzuia wadudu.

5. MOTO USIO NA MOSHI

Sasa nifike kwenye kile chombo cha mwisho.

Likizo moja ya Agosti, mimi na ndugu yangu mdogo tulilala katika chumba cha nje nyumbani kwa nyanya. Chumba hicho hakikuwa na dohani. Baridi ilikuwa kali, basi nikaingiza jiko la makaa. Nilijiona mwerevu: nilisubiri nje mpaka makaa yakawa mekundu bila moshi hata kidogo. Si tumefundishwa kwamba pafukapo moshi pana moto? Nikawaza, pasipo moshi hapana hatari. Nikafunga dirisha, nikaziba upenyo wa mlango kwa gunia, tukalala raha mustarehe.

Alfajiri nilisikia mlango ukigongwa kama katika ndoto. Kichwa kiliniuma kana kwamba kinapasuliwa kwa kabari. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nilimwita ndugu yangu, hakuitika. Nilitambaa hadi mlangoni nikavuta lile gunia, na nyanya, aliyekuwa ametoka kukama, akausukuma mlango kwa bega. Alimburura ndugu yangu hadi kwenye nyasi zenye umande. Alikaa kitambo bila kufumbua macho, kisha akatapika na kuanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Tulipelekwa hospitalini, akawekewa hewa ya oksijeni, na leo yu mzima.

Nilipomwambia nyanya kwamba makaa hayakuwa na moshi, alinijibu, "Mjukuu wangu, moshi ukiuona utaukimbia. Huu wa makaa huuoni, utaukimbiaje?"

Baadaye katika somo la kemia nilielewa. Makaa yakiwaka penye hewa chache hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Ikiingia mwilini hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa ilhali mtu anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Aliyelala huenda asizihisi kamwe.

Ukizihisi, fungua mlango, mtoe kila mtu nje, kisha nendeni hospitalini hata kama mmepata nafuu. Wala usilale na jiko la makaa chumbani, hata likiwa la kisasa namna gani. Ota moto jioni dirisha likiwa wazi kidogo, kisha jiko litolewe nje kabla ya kulala. Blanketi la pili halijaua mtu.

Basi chombo kinachoshinda vyote ni tundu: dirisha lililo wazi, au dohani isiyoziba. Hakiuzwi sokoni, na mimi nilikiziba kwa gunia kwa mikono yangu mwenyewe.

ZOEZI

1. Andika wingi: ukuni huu mkavu, jiko hili, kaa la moto, uchaga mrefu.
2. Eleza tofauti ya koleo na beleshi.
3. Kwa nini methali "Pafukapo moshi pana moto" haitoshi kumlinda mtu anayeota makaa?
4. Usiku wa leo, kabla hujalala, chungulia chumba mnamoota moto nyumbani. Hewa inapitia wapi? Kama huna jibu, usingoje gazeti la mwakani.