Hati ya Matengenezo ya Taa za Breki za Tela

Usiku katika foleni ya Mutukula, mwendesha bodaboda hutegemea taa za breki kutambua kwamba tela iliyo mbele yake inasimama. Kwa hiyo, hati ya fundi isomwe kwa makini. Kwanza iangaliwe namba: tela ina namba yake, nayo huvutwa na vichwa tofauti, hati yenye namba ya kichwa pekee haithibitishi lolote kuhusu tela. Maneno “balbu mpya” nayo yatiliwe shaka iwapo taa zote mbili zilizimika pamoja. Aghalabu hitilafu hiyo hutokana na fyuzi, waya, au plagi inayounganisha kichwa na tela. Hatimaye dereva akanyage breki, utingo atazame akiwa pembeni, nyuma ya tela.