Ngazi ya Maji

Mto Ngerengere hutoka katika milima ya Uluguru, hupita karibu na mji wa Morogoro, kisha huingia Ruvu, nao Ruvu huingia baharini karibu na Bagamoyo. Mbona basi zamani mizigo ya bara ilichukuliwa na wapagazi, wala haikushuka kwa mashua? Kwa sababu mto huu hushuka kwa kasi mlimani, na wakati wa kiangazi maji yake hupungua sana.

Nchi nyingine wameushinda mteremko kwa ngazi ya maji. Hujenga ukuta wa kuzuia mto, maji yapate kina. Kando yake hujenga chumba chenye malango mawili. Chombo kinachopanda huingia kwa lango la chini, nalo hufungwa. Maji ya juu huachiliwa, chumba hujaa, na chombo huinuka hata kuwa sawa na mto wa juu. Ndipo lango la juu hufunguliwa. Katika mfereji wa Panama, tangu mwaka 1914, meli huinuliwa hivyo mita 26.

Kwetu kazi hiyo ilifanywa na reli, iliyofika Morogoro mwaka 1907. Lakini Ngerengere nao umezuiwa huko Mindu, ili watu wa mji wapate maji. Alimaye mlimani bila matuta hupeleka udongo bwawani. Na bwawa likijaa udongo, maji yatakaa wapi?

Maswali
1. Kwa nini lango la chini hufungwa kwanza?
2. Mkulima wa mlimani aweza kulilindaje bwawa?