SOMO: NAMBA ZINAPOSOMWA KAMA MAJINA

Katika kuandaa taarifa ya mradi wa maji, tuliuliza sharika 4 zina kaya ngapi zinazochota maji. Sharika 3 zilijibu 9, 12 na 30. Wa nne uliandika "bado". Programu ya takwimu ya R ikatupa jumla ya kaya 10.

Kosa lilitoka wapi? Neno "bado" lilifanya safu nzima isomwe kama maneno. Faili letu lilihifadhiwa kwa toleo la kabla ya 4.0.0 la mwaka 2020, wakati R ilikuwa ikigeuza maneno kuwa makundi bila kuagizwa. Makundi hupangwa kama kamusi: 12, 30, 9, bado, kisha hupewa namba 1 hadi 4. Tulipoagiza as.numeric(kaya) tulipewa namba za makundi. Usharika usio na taarifa ukaonekana una kaya 4, kuzidi wote!

Dawa yake: kwanza andika class(kaya). Ukijibiwa "factor", tumia as.numeric(as.character(kaya)). "Bado" itakuwa NA, yaani taarifa haipo. Jumlisha ukiongeza na.rm=TRUE, utapata 51.

Wajumbe wa kamati, kama hamjahesabu, acheni nafasi wazi. Nanyi wafadhili, mkisoma "kaya 51, usharika 1 haujaleta taarifa", msione ni upungufu. Huo ndio ukweli tunaodaiwa kwenu.